Kiti cha Mzee Abdiel

Kisongo, Arusha
19 Januari 2024

Mzee Abdiel, shikamoo.

Mimi ni Aika, yule uliyenikabidhi funguo siku ya kukuaga, ukaniambia droo ya kushoto inafunguka ukiipiga goti. Ni kweli, inafunguka.

Binti yako Prisca ameniambia simu huisikii tena, kwamba ukipigiwa unapata mvumo tu kama wa mashine ya kukaangia kahawa. Meseji nazo, anasema, huziwezi kwa sababu kidole chako kinabonyeza herufi tatu kwa mpigo. Basi naandika kwa mkono. Prisca anasema anapanda Akheri kila Jumamosi akitoka kufundisha Ngarenaro, na hachoki kubeba bahasha.

Mzee wangu, naomba msaada. Bodi imenipa jina zuri, Mkuu wa Ofisi ya Mkurugenzi, lakini hakuna mtu aliyeniambia kazi yenyewe ni nini. Benki nilikotoka kila mtu alijua mipaka yake. Hapa mimi si mhasibu, si afisa utumishi, si katibu muhtasi, na kila mmoja wa hao anadhani nimekuja kumnyang'anya kazi. Jumatatu Stanley wa uzalishaji alikuja amefura, anataka kumwona Mkurugenzi, Mzee Hans, kuhusu magunia ya kahawa yaliyolowana. Nikamruhusu aingie. Kelele zilisikika mpaka getini. Stanley alipotoka, Mzee aliniita, akaniangalia juu ya miwani, akasema, "Abdiel alikuwa ananipunguzia watu. Wewe unaniongezea."

Usiku huo sikula. Mama yangu ana mgahawa wa mtori pale Ngarenaro, amenisomesha kwa moshi wa kuni. Nikishindwa hapa sitakuwa na uso wa kumwangalia.

Wewe ulikaa na huyu mzee tangu kiwanda kikiwa kibanda cha mabati. Niambie ulifanyaje.

Ni mimi mwanao,
Aika

—

Akheri
27 Januari 2024

Aika mwanangu, marahaba.

Nimecheka mpaka mke wangu Magdalena akaja kuangalia kama nimepaliwa. Hans alinipa mimi maneno hayohayo mwaka wangu wa kwanza, ila mimi hakukuwa na wa kunilinganisha naye, akanilinganisha na mbwa wake.

Kosa lako halikuwa kumruhusu Stanley. Ulimruhusu akiwa bado anachemka. Siku nyingine mkalishe, mpe chai, muulize mambo ya magunia mpaka ayaeleze bila kutukana. Ukimpeleka ndani, tangulia wewe, mwambie Hans kwa maneno machache: magunia yamelowana, sababu ni hii, Stanley anapendekeza hivi, mimi naona vile. Hapo Hans anabaki na kuamua tu. Anapenda kuamua. Hapendi kushtukizwa.

Habari mbaya mpelekee asubuhi, kabla mtu mwingine hajamfikishia. Na usiogope kumpinga, ila mpinge mlango ukiwa umefungwa. Mkitoka, neno lake ndilo neno lako hata kama linakukaba kooni. Usitumie jina lake kumtisha mtu uliyegombana naye wewe. Hilo nimeona likiwamaliza watu wazuri kuliko sisi.

Kuna jambo moja nililojifunza Moshi. Tulikuwa na wanunuzi kutoka Ujerumani, na Hans alikuwa na malaria aliyokataa kwenda kuitibu. Katikati ya mazungumzo nikaona mikono inaanza kutetemeka, jasho linadondoka kwenye karatasi. Nikaangusha chupa nzima ya chai mezani. Ikamwagika mpaka mapajani mwa Mjerumani mmoja. Katika zile vurugu za taulo na samahani, nilimtoa Hans kwa mlango wa jikoni. Wale watu waliondoka wakinisema mimi kuwa mzembe. Mkataba ukasainiwa wiki iliyofuata. Kiongozi akidhoofika, mwanangu, watu wa nje wasimwone.

Lakini mimi nilimwona. Hilo ndilo la muhimu. Awepo mtu anayemwona.

Njoo siku moja ule ndizi za huku. Hans huwa anakuja Pasaka, anakula kama vile mkewe Evelyn hampikii.

Abdiel

—

Kisongo
5 Aprili 2024

Mzee Abdiel, shikamoo. Mama Magdalena naye shikamoo yake umfikishie.

Sijui nikushukuruje. Stanley sasa akija anauliza kwanza mimi nina nafasi. Jana mhasibu na afisa utumishi walikuja pamoja, wamekwisha kukubaliana, wanataka tu nimweleze Mzee. Kwenye kikao cha bodi mwenyekiti alisema ofisi haijawahi kuwa tulivu hivi. Najua hilo lilikuwa linakugusa wewe pia, usichukie. Mama yangu ametangazia mgahawa mzima.

Nimejifunza kusoma hatua za Mzee koridoni. Akikanyaga taratibu, nazuia watu mpaka saa nne. Akija haraka, nawaita wote mara moja.

Ulisema huwa anakuja Akheri Pasaka. Samahani kwa niaba yake. Alifunga Kwaresma yote safari hii, amepungua kidogo, akaona apumzike nyumbani Ilboru. Anawasalimu sana.

Mwanao,
Aika

—

Akheri
18 Mei 2024

Aika,

Tangu nimjue Hans hajawahi kufunga hata kifungua kinywa. Nimeliacha lile la Kwaresma lipite kwa sababu nilidhani amekutuma useme hivyo, na mtu akitumwa anasema. Sasa nakuuliza mimi.

Kijana wa jirani yetu anafanya kazi ya mizigo uwanja wa ndege hapo Kisongo. Anasema wiki mbili zilizopita alimwona Hans akishushwa kwenye ndege kwa kiti cha magurudumu, amejifunika blanketi, na wewe ulikuwa umesimama mbele yake watu wasimwone. Alinifokea sikioni mara tatu mpaka nikaelewa. Sikio la kushoto bado linashika kidogo.

Na kuna jambo la watu. Elifuraha, mwenyekiti wetu wa wakulima huku, alikuja juzi. Kuna mnunuzi mwingine kutoka Usa River anataka Akheri yote isaini naye kabla ya msimu. Sharti lake, kahawa yote iende kwake. Elifuraha anasema watu wamesikia Hans ni mgonjwa, wanaogopa kituo cha kumenya kahawa hakitafunguliwa. Unajua mashine za mkono tuliziuza chuma chakavu siku Hans alipotujengea kituo. Kahawa mbivu ikichumwa hailali. Kituo kikifungwa, hatuna pa kuipeleka.

Wanangoja nitasema nini. Nikiwaambia saini, watasaini. Nikiwaambia ngojeni, watangoja.

Basi niambie. Na nataka kumwona Hans. Kama hawezi kupanda huku, mimi nateremka. Niandikie tu siku.

Abdiel

—

Kisongo
3 Juni 2024

Mzee Abdiel, shikamoo.

Pole kwa wasiwasi. Ni goti. Alifanyiwa upasuaji Nairobi, daktari akamkataza kukanyaga, ndiyo maana ya kile kiti. Nilisimama mbele yake kwa sababu unamjua, angemtukana yeyote ambaye angempiga picha.

Kumwona, ningependa sana, ila mwezi huu wote yuko safarini kati ya Nairobi na Dar kwa mazoezi ya mguu na mikutano. Akitulia nitamtuma Joel akufuate na gari. Joel anakukumbuka, anasema ulimfundisha kuendesha bila kupiga honi.

Kuhusu kituo, kitafunguliwa Agosti kama miaka yote. Waambie wakulima wasisaini popote. Mzee atasikitika sana akisikia watu wa Akheri, watu wako, wamemwacha kwa uvumi wa mbeba mizigo.

Mwanao,
Aika

—

Akheri
9 Juni 2024

Aika mwanangu,

Nimewaambia. Baada ya ibada, pale nje ya kanisa, Elifuraha aliwasimamisha watu wasitawanyike. Nikasema goti la Hans linapona, kituo kitafunguliwa, msisaini. Elifuraha akanishika bega, akaniuliza kwenye sikio langu zima, "Unasema wewe, au anasema Hans?"

Nikamjibu, "Nasema mimi."

Yule wa Usa River amekwenda zake. Nasikia ameingia mkataba na vijiji vya upande wa pili.

Mwambie Hans goti linakandwa kwa maji ya chumvi. Najua hatafanya. Mwambie tu. Na Joel aje.

Abdiel

—

Akheri
25 Agosti 2024

Aika,

Hii ni barua ya tatu mwezi huu. Prisca anasema anaziacha kwa mlinzi na mlinzi anasema unazipata.

Kahawa imeiva. Matawi yameinama. Kituo kina kufuli, na kufuli si letu, ni jipya. Watu walichuma wakaenda kupanga foleni na ndoo, wakakaa hadi jua likazama, wakarudi nazo. Wengine wameanika mbivu kwenye mikeka, na kuna mvua ndogo ya mlimani kila alasiri. Imeshika ukungu. Harufu yake inaingia mpaka kanisani. Juzi amepita mchuuzi na pikipiki, anachukua kwa bei ya taka, na watu wanampa.

Elifuraha hapiti tena kwangu. Anapita njia ya juu.

Kama kuna jambo, niambie jambo. Mimi si mtu wa nje.

Abdiel

—

Akheri
12 Oktoba 2024

Aika,

Nilijua Hans amekufa nikiwa nimekaa kanisani. Mchungaji alitangaza, nami sikusikia. Niliona Magdalena anajishika kinywa, watu wanageuka kuniangalia mimi. Prisca akachukua kijikaratasi cha nyimbo, akaniandikia nyuma yake: Mzee Hans amefariki jana hospitalini. Nikakisoma mara mbili, kisha ibada ikaendelea, watu wakasimama kuimba, nami nikasimama pamoja nao.

Kwa hiyo halikuwa goti.

Ulituona Marangu kwenye mazishi. Ulikuwa mbele, na fulana ya kamati, unawapanga wageni. Kazi nzuri, hakuna gari lililokwama, hakuna mgeni aliyekosa kiti. Mimi ulinipa kiti cha nyuma kabisa, karibu na jenereta. Nilidhani ni kwa sababu jenereta haliwezi kunisumbua.

Nilipokwenda kumpa mkono Mama Evelyn, hakunipa wake. Nimekula nyumbani kwa mwanamke yule Krismasi zote tangu watoto wake wakiwa wanatambaa. Aliniangalia, akageuka kuzungumza na mtu mwingine. Nikasema ni majonzi.

Halafu Joel alinikuta kwenye migomba nyuma ya nyumba. Alikuwa analia. Alitoa simu, akaandika kwa herufi kubwa, akanionyesha. Aliniandikia kwamba Septemba Hans alimwita mwenyewe chumbani, pale hospitali, akamwambia, "Kamlete Abdiel. Sasa hivi." Joel akaondoka. Alikuwa amefika Tengeru, anaanza kupanda kuja kwangu, ukampigia simu ageuze. Akakuuliza, "Nimwambie nini Mzee?" Ukamwambia, "Mzee niachie mimi."

Tengeru, Aika. Hapo Tengeru mimi huteremka kwa miguu nikienda kununua viatu.

Sikuulizi kwa nini ulinidanganya kuhusu ugonjwa. Huenda alikuagiza. Mimi mwenyewe ningemtii. Nakuuliza jambo moja. Yeye mwenyewe aliniita. Wewe ulikuwa nani kugeuza lile gari?

Abdiel Nnko

—

Kisongo
26 Oktoba 2024

Mzee Abdiel, shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Ni bora niseme moja kwa moja.

Ilikuwa saratani ya kongosho. Alijua tangu Februari. Aliniita, akafunga mlango, akasema, "Asijue mtu. Hata Abdiel. Akijua Abdiel atakuja kukaa hapa kama bundi, na watu watajua." Ni maneno yake. Mwanzoni nilikuwa nakwenda kulia chooni, kisha nikaacha.

Kiwanda kilikuwa kinakufa naye. Watoto wake wako Kanada, hawakitaki. Wanunuzi walipatikana Aprili, kampuni ya nje, wenye mtaji. Wangesikia mwenye kiwanda yuko kitandani, wangengoja afe wakachukue magofu. Nilimvalisha koti, nikamkalisha dirishani jua likiwa nyuma yake wasione rangi ya uso. Niliwaambia ana mafua. Watu wote wa hapa Kisongo, Stanley, mlinzi anayepokea barua zako, kina mama wa kuchambua, wote wana kazi leo kwa sababu sikufungua mdomo. Unadhani nilikuwa nacheza?

Wale wanunuzi hawakutaka vituo vya milimani. Walitaka kiwanda na jina tu, na vituo viwe vimefungwa kabla ya kusaini. Ndiyo, Juni nilijua. Kama Akheri ingesaini na mtu wa Usa River, ingeonekana wakulima wanakimbia, na wanunuzi wangeuliza kwa nini. Niliwapima watu wa Akheri na watu wa Kisongo. Mtu alipaswa kupima, na Mzee hakuwa na nguvu tena.

Siku ya gari, wanunuzi walikuwa wanatua asubuhi ile kwa ajili ya kusaini. Nisingeweza kuwa na mgeni chumbani. Nilimwambia Mzee kwamba unaumwa, umeshindwa kusafiri. Alielewa. Akasema pole yako.

Wewe ndiye uliyeniandikia kiongozi akidhoofika watu wa nje wasimwone. Nimefanya kila ulichonifundisha, na nimefanya vizuri kuliko wewe, kwa sababu mimi hakuna mtu aliyenishika mkono. Wamenibakiza. Januari nahamia jengo jipya, Mkuu wa Ofisi kwa nchi zote tatu wanakofanya kazi. Mkurugenzi mpya amesema hajawahi kuona makabidhiano safi namna hii.

Nilidhani wewe, kuliko mtu yeyote, ungeelewa.

Aika

—

Akheri
23 Novemba 2024

Aika,

Nimeelewa zaidi ya ulivyotaka.

Ulipoandika kwamba Hans aliambiwa naumwa, nilipata nafuu. Nikasema, basi walau hakunidhania vibaya. Nikamwambia Magdalena, twende Ilboru tukamwone Evelyn, tumpe pole kama watu, yale ya mazishini yalikuwa majonzi tu. Magdalena mguu ulikuwa umevimba, nikaenda peke yangu na kikapu cha ndizi.

Alinifungulia mwenyewe. Hakunikaribisha, nikaingia hivyohivyo kama nilivyozoea, nikaketi kwenye kiti changu. Kikapu alikiacha mlangoni. Akavuta stuli upande wangu wa kushoto, akaniinamia.

"Abdiel, nataka kukuuliza jambo moja halafu uende. Hans alikukosea nini?"

Nikamwambia hakunikosea kitu.

"Alikutumia gari. Aika akarudi akamwambia umekataa. Umesema ulishastaafu, mambo ya Hans hayakuhusu tena. Nilikuwepo, Abdiel. Nilikuwa nimekaa kitandani miguuni pake. Mtoto wa watu hakutaka kusema, Hans akamlazimisha."

Nilitazama kikapu changu pale mlangoni. Aliona kama sijasikia, akaendelea kwa sauti ya juu zaidi.

"Alikuwa amekataa kusaini zile karatasi. Wiki nzima alikuwa anasema, siuzi kitu mpaka Abdiel asome, Abdiel anajua vituo vya milimani. Aliposikia umekataa, aligeukia ukutani. Alilia, yule Hans wako. Kisha akasema, basi, leteni kalamu."

Kwa hiyo sababu haikuwa wageni waliokuwa wanatua. Ulimgeuza Joel kwa sababu ningesoma. Ningesoma, ningeona kufuli la Akheri lilipoandikwa, ningemwambia Hans mlango ukiwa umefungwa, na Hans asingesaini. Ulijua. Ndipo ukatafuta neno moja la kumvunja, na ulilipata, kwa sababu mimi ndiye niliyekusimulia jinsi anavyonipenda.

Nilikuwa na barua yako mfukoni, Aika. Ile ya tarehe ishirini na sita, yenye mwandiko wako, iliyosema ulimwambia naumwa. Mkono ulikuwa umeshaigusa. Ningempa tu, yangekwisha. Ningepata kiti changu, ningepata mkono wake, pengine angewaambia hata watu wa Akheri kwamba nami nilidanganywa kama wao. Unajua Elifuraha amekata mibuni yake yote? Ameikata kwa shoka, amepanda mahindi mpaka mlangoni. Jumapili iliyopita baraza la wazee wa kanisa limeniomba nipumzike. Hawakusema kwa nini. Walininunulia kitenge nimpelekee Magdalena.

Lakini Evelyn alikuwa bado anasema.

"Kama si yule binti," akasema, "sijui. Alikuwa anamlisha uji kijiko kwa kijiko. Usiku analala kwenye viti viwili. Watoto wangu wanapiga simu za picha, yeye ndiye anamgeuza kitandani. Hans alikufa mkono wake mmoja nimeushika mimi, mwingine ameushika yeye. Najifariji kwa hilo tu, Abdiel. Kwamba kulikuwa na mtu mmoja nje ya damu yake aliyempenda."

Najua hilo nalo ni kweli. Nalichukia kuwa kweli. Ungekuwa mwizi tu, ningekumaliza siku ileile.

Nilimwangalia. Amekonda, sweta la Hans amelivaa yeye. Nikaona nikitoa ile karatasi nitamrudisha kwenye kile chumba, aketi tena miguuni pa mume wake, amwone mtu anayemlisha uji akimdanganya ili asaini. Na kila kijiko akikumbuke upya. Hans amekwisha kufa. Mimi nina Magdalena. Yeye ana hicho kimoja.

Nikaacha barua mfukoni.

Nikamwambia, "Ni kweli, Evelyn. Nilikataa."

Akauliza, "Kwa nini?"

Sikuwa nimeandaa sababu. Nikasema nilikuwa na kinyongo tangu nilipostaafishwa. Nikasema nilimwonea wivu kijana aliyechukua nafasi yangu. Unaona, hata hapo nilikusaidia. Nikamwomba msamaha.

Nilitegemea atafoka. Hakufoka. Alisimama, akakichukua kitambaa cha mgongo wa kiti nilichokuwa nimeegemea, akakikung'uta, akakikunja mara mbili. Kisha akasema, nami nikasikia kila neno bila kuinamiwa, "Nisikuone tena katika nyumba hii."

Nilitoka na kikapu changu. Ndizi niliziacha kwa wafyatua matofali njiani.

Hans amekwenda akidhani nilimkataa. Nitakufa na hilo, na sasa nimelitia sahihi kwa mdomo wangu mwenyewe. Usinishukuru. Sikufanya kwa ajili yako, na ukithubutu kujiita mwanangu tena nitampa Prisca ile barua aipeleke Ilboru.

Naandika kwa sababu moja ya kikazi. Evelyn hajui, na asijue. Wewe unapita kwake kila Jumapili, ameniambia. Atakapokusimulia kwamba nimekiri, usishangae usoni, usije ukalia, usije ukaungama ili upate kulala. Kaa naye, mnyweshe chai, mwitikie. Na akikuuliza mimi ni mtu wa namna gani, mwambie ulinifahamu kidogo tu.

Prisca hatabeba barua nyingine.

Abdiel Nnko